Jina Lililosikika Vibaya: Filamu ya Rain Man na Historia ya Taswira ya Usonji katika Kazi za Kubuni

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya taswira ya usonji katika kazi za kubuni, tangu neno lenyewe lilipoingia katika tiba ya watoto mwaka 1943 hadi tamthilia za televisheni za miaka ya karibuni. Kitovu cha uchambuzi ni filamu ya Kimarekani ya Rain Man (1988). Inadaiwa kwamba athari ya filamu hiyo kwa hadhira haikutokana hasa na makosa ya kitabibu, ambayo yalikuwa machache, bali ilitokana na nafasi iliyoingia: neno lilikuwapo lakini halikuwa na sura, na mhusika mmoja akalijaza lote. Hoja hiyo inakihusu Kiswahili kwa karibu, kwa kuwa neno usonji nalo linasubiri sura katika masikio ya wengi wa wasemaji wake.

Utangulizi

Katika filamu ya Rain Man kuna onyesho fupi ambalo wahakiki wengi hulipita. Charlie Babbitt, kijana mfanyabiashara wa magari ya kifahari, amempeleka kaka yake Raymond kwa daktari wa mji mdogo. Anapomweleza muuguzi kwamba kaka yake ana usonji, muuguzi anasikia neno jingine la Kiingereza, linalokaribiana nalo sana kwa matamshi, ambalo husifu mtu mwenye kipaji cha sanaa. Charlie analazimika kumsahihisha. Mzaha huo ulieleweka kwa watazamaji wa mwaka 1988 kwa sababu wengi wao wangesikia vibaya vilevile. Miaka michache baadaye mzaha huohuo usingewezekana tena, na jambo lililouondolea uwezekano huo ni filamu iliyoubeba.

Kichwa cha filamu nacho kimetokana na kusikia na kutamka vibaya. Charlie alipokuwa mtoto mdogo hakuweza kulitamka jina la Raymond, akasema Rain Man. Baada ya kaka yake kuondolewa nyumbani alikua akiamini kwamba huyo Rain Man alikuwa rafiki wa kufikirika aliyejibunia utotoni. Jina hili la kitoto, lililozaliwa kwa ulimi usiokomaa, ndilo lililokuja kutumiwa na wasemaji wa Kiingereza kote duniani, kwa utani, kwa dharau na wakati mwingine kwa mapenzi, kumwita mtu yeyote anayedhaniwa kuwa na usonji. Ni nadra katika historia ya lugha kwa jina la mhusika mmoja kugeuka kuwa jina la hali ya maelfu ya watu ambao hawafanani naye.

Kabla ya 1988: mtoto asiyesema

Neno la Kiingereza na la lugha nyingine za Ulaya kwa usonji lilianzishwa na Eugen Bleuler, daktari wa akili wa Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1910. Alilitumia kuelezea dalili mojawapo ya skizofrenia, yaani hali ya mgonjwa kujitenga na ulimwengu na kuishi ndani ya nafsi yake. Shina lake ni la Kigiriki, lenye maana ya "mwenyewe". Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, alilichukua na kulitumia kwa watoto 11 aliowachunguza, wavulana 8 na wasichana 3. Mwaka uliofuata Hans Asperger alichapisha mjini Vienna, kwa Kijerumani, maelezo ya watoto wanaokaribiana na hao. Maandishi yake hayakujulikana sana katika ulimwengu wa Kiingereza hadi Lorna Wing alipoyajadili mwaka 1981. Kiarabu cha kisasa kimefuata njia ileile ya maana kwa kutumia tawahhud, kutoka shina lililokipa Kiswahili tauhidi na wahedi. Sitiari ya upweke, kwa hiyo, imo ndani ya jina lenyewe katika lugha hizo. Kazi za kubuni hazikuanza na ukurasa mtupu; zilianza na sitiari.

Aliyeikuza sitiari hiyo kuliko wote hakuwa mwandishi wa riwaya. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto wenye matatizo ya kihisia katika Chuo Kikuu cha Chicago, alichapisha mwaka 1967 kitabu kilichomfananisha mtoto mwenye usonji na ngome tupu, na kuwatwika wazazi, mama hasa, lawama ya kumfanya mtoto ajifungie ndani. Alikuwa amefungwa Dachau na Buchenwald, na alilinganisha hali ya watoto hao na ya wafungwa wa kambi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe alikuwa na usonji, alikuwa amekwisha kutoa kitabu mwaka 1964 kilichopinga dhana ya kosa la mama na kudai chanzo cha kibaiolojia. Hata hivyo hadhira ilimsikia Bettelheim. Ngome husimulika kwa urahisi kuliko nadharia ya ubongo: ina ukuta, ina mfungwa, na inamngoja mkombozi.

Filamu zilimleta mkombozi huyo. Katika Change of Habit ya mwaka 1969 Elvis Presley aliigiza daktari wa mtaa wa maskini, na Mary Tyler Moore akaigiza mtawa anayefanya naye kazi. Wanamshika msichana mdogo mwenye usonji kwa nguvu hadi hasira yake imwagike, na baada ya hapo msichana anafunguka. Mwaka 1979 televisheni ya Marekani ilionyesha Son-Rise: A Miracle of Love, iliyotokana na kitabu cha baba aliyeeleza kwamba mwanawe alipona kabisa kwa upendo na saa nyingi za kucheza naye. Kwa mzazi aliyekuwa akiitazama sebuleni huku mtoto wake wa miaka tisa asiyesema akiwa chumba cha pili, ujumbe wa hadithi kama hizo ulikuwa mkali. Ikiwa upendo huponya, na mtoto huyu hajapona, basi kuna mtu hakupenda vya kutosha.

Kisha, tarehe 25 Mei 1988, ikaja tamati ya tamthilia ya hospitali iitwayo St. Elsewhere. Onyesho la mwisho lilidokeza kwamba yote yaliyosimuliwa kwa miaka sita, hospitali, madaktari na vifo, yalikuwa katika mawazo ya mvulana mwenye usonji anayetazama jengo dogo ndani ya tufe la kioo. Waandishi walimfanya mtoto asiyesema kuwa muumba wa ulimwengu mzima. Lilikuwa wazo la kijasiri, na hata hivyo mvulana mwenyewe alibaki chombo cha kumalizia hadithi ya watu wengine.

Kazi hizo tatu zinatofautiana kwa mengi, lakini mwenye usonji katika kila moja ni mtoto. Hakuna hata moja inayouliza mtoto huyo atakuwa nani akifika miaka arobaini. Ni kana kwamba usonji ulikuwa ukiisha pamoja na meno ya utoto.

Jinsi Raymond alivyotengenezwa

Mwaka 1984, katika mkutano wa watetezi wa watu wenye ulemavu wa akili huko Texas, mwandishi wa filamu Barry Morrow alikutana na Kim Peek, mkazi wa Salt Lake City aliyekuwa amefuatana na baba yake. Peek alikuwa na kumbukumbu ya kustaajabisha: alikariri maelfu ya vitabu, ramani, tarehe na siku za kalenda. Wakati huohuo alihitaji kusaidiwa kuvaa na kufanya shughuli nyingi za kila siku. Morrow alianza kuandika. Katika hatua za kuandikwa upya kwa mswada, huku mwigizaji Dustin Hoffman akishiriki, mhusika aliyetokana na Peek aligeuzwa kuwa mtu mwenye usonji.

Hapo ndipo penye fundo la historia hii. Kim Peek hakuwa na usonji. Ubongo wake ulizaliwa bila kiungo kinachounganisha nusu zake mbili, na waliomfahamu walimweleza kuwa mtu mchangamfu aliyependa kukutana na watu. Kipaji cha Raymond kilitoka kwa Peek, ilhali mwenendo wake ulitoka kwingine. Ili kupata namna ya kutembea, ya kukwepa macho na ya kurudia maneno, Hoffman alijifunza kwa wanaume wenye usonji, akiwamo Joseph Sullivan, ambaye maisha yake yalikuwa yameonyeshwa katika filamu ya kumbukumbu ya mwaka 1986. Mama yake Joseph, Ruth Sullivan, alikuwa miongoni mwa waasisi wa harakati za wazazi nchini humo mwaka 1965, pamoja na Rimland. Rimland naye alikuwa mshauri wa filamu. Kwa hiyo kazi hii haikubuniwa na watu wasiojali. Ni vigumu kuitaja filamu nyingine ya wakati ule kuhusu ulemavu iliyoshauriana kwa bidii kama hiyo na watu wanaohusika.

Na matokeo ya kushauriana yanaonekana. Raymond ni mtu mzima. Haponi. Ana ratiba ya chakula na ya vipindi vya televisheni, na ratiba hiyo ikivunjwa anateseka kwa namna ambayo wazazi waliitambua mara moja. Mlio wa king'ora cha moshi unamfanya apige kichwa chake. Kwa upande wa mwenendo, mtaalamu hana mengi ya kusahihisha. Lakini mtu aliyeunganishwa kutoka watu wawili wa aina mbili hawezi kuwawakilisha wote wawili, sembuse wengine. Hadhira ilipokea viungo vyote kama kitu kimoja, ikadhani kipaji na usonji huja pamoja kama radi na mvua.

Filamu ilitolewa Desemba 1988. Iliingiza zaidi ya dola milioni 350 duniani, na Machi 1989 ilipata tuzo nne za Oscar: filamu bora, mwongozaji bora (Barry Levinson), mwigizaji bora wa kiume na mswada asilia bora.

Walichopewa wazazi, na walichonyang'anywa

Wazazi wa watoto wenye usonji walipata kitu ambacho hakuna kampeni ya afya ingeweza kuwapa kwa muda mfupi namna hiyo. Kabla yake mama aliyekuwa dukani na mtoto anayepiga kelele alilazimika kuanza maelezo kutoka mwanzo, kama alipewa nafasi ya kueleza. Sasa aliweza kutaja filamu na akaeleweka. Steve Silberman, katika historia yake ya usonji ya mwaka 2015, anaiona filamu hiyo kuwa tukio lililowafanya watu wazima wenye usonji waonekane hadharani kwa mara ya kwanza. Ruth Sullivan aliitumia kuchangisha fedha kwa ajili ya kituo cha huduma alichokianzisha huko Huntington, West Virginia.

Tahadhari inahitajika katika kupima athari. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani ulikuwa umepanua vigezo vya usonji mwaka 1987, kabla filamu haijatoka. Mwaka 1990 sheria ya elimu maalumu ya nchi hiyo iliuorodhesha usonji kuwa kundi la ulemavu linalojitegemea, na hilo lilitokana na miaka mingi ya kazi ya wazazi. Kuipa filamu sifa ya mabadiliko yote hayo ni kuwapora wazazi hao jasho lao. Kauli iliyo salama zaidi ni kwamba sheria na vigezo vilifungua milango ya ofisi, na filamu ikawapa waliopita milangoni jina la kutaja.

Gharama ilianza kulipwa karibu mara moja. Wazazi na watu wenye usonji wenyewe wameeleza kwa miongo mitatu swali lilelile wanaloulizwa na wageni: kipaji chake ni kipi? Raymond huhesabu vijiti vya meno vilivyomwagika sakafuni, hukariri kitabu cha simu, na hushinda kamari Las Vegas kwa kukumbuka karata. Utafiti uliokuwapo wakati filamu ikitengenezwa ulikuwa wa Rimland mwenyewe. Mwaka 1978 aliripoti kwamba miongoni mwa watoto 5,400 wenye usonji, wazazi wa 531 walisema watoto wao wana uwezo wa pekee, yaani takribani mmoja katika kumi. Patricia Howlin na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2009 uliotumia maana pana zaidi ya kipaji, walipata zaidi ya robo. Hata kwa kipimo hicho, wengi hawana. Mtoto asiye na kipaji cha ajabu, aliye wengi, alijikuta akiwa pungufu mara mbili: pungufu kwa kulinganishwa na watoto wengine, na pungufu kwa kulinganishwa na Raymond.

Lipo jambo jingine ambalo wahakiki wamelizungumzia kidogo mno, na pengine ndilo zito zaidi kwa washauri wa sera. Filamu inamalizika kwa Raymond kupanda treni kurudi Wallbrook, makao alikoishi kwa miaka mingi. Mwisho huo umesifiwa kwa kukataa muujiza, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini tazama kile hadhira inachoombwa kukubali. Charlie, ambaye amejifunza kumpenda kaka yake, anatambua kwamba upendo huo unamtaka amrudishe. Hakuna njia ya tatu katika hadithi: ama kaka asiyeweza kazi ya malezi, ama taasisi. Nyumba ndogo ya watu wachache, msaidizi wa saa za mchana, kazi ya nusu siku, mambo ambayo Ruth Sullivan alikuwa akiyapigania wakati huohuo, hayamo. Mwaka mmoja tu kabla, Septemba 1987, taasisi ya Willowbrook jijini New York ilifungwa rasmi. Televisheni ilikuwa imeifichua mwaka 1972: watoto wenye ulemavu wa akili wakilala uchi katika uchafu. Wallbrook ya filamu, yenye bustani na madaktari wapole, ina jina linalokaribiana na hilo kwa namna inayoshtua, kwa makusudi au bila makusudi. Watazamaji waliofuta machozi treni ilipoondoka walikuwa wamekubali, bila kuulizwa, kwamba mahali pa mtu kama Raymond ni nyuma ya lango.

Watoto wa Raymond

Kazi zilizofuata zimekuwa zikimjibu Raymond, hata zinapomkana. Riwaya ya Mark Haddon ya mwaka 2003 kuhusu mvulana anayechunguza kifo cha mbwa, iliyopata tuzo ya Whitbread ya kitabu bora cha mwaka, ilimpa mwenye usonji kitu ambacho Raymond hakuwa nacho, yaani nafsi ya kwanza. Msomaji yumo ndani ya kichwa akitazama nje. Jina la hali ya mhusika halitajwi popote ndani ya hadithi. Lilichapishwa na wachapishaji kwenye jalada, na Haddon amesema baadaye kwamba hakuwa mtaalamu na kwamba alijutia neno hilo kuwekwa. Hata hivyo mvulana wake ni hodari wa hisabati. Riwaya ya Elizabeth Moon, mama wa kijana mwenye usonji, iliyopata tuzo ya Nebula ya mwaka 2003, iliuliza swali gumu zaidi: kama tiba ingekuwapo, mtu mzima aliyezoea kuwa alivyo angelazimika kuikubali? Ilisomwa na watu wachache kuliko ya Haddon, na hilo ni la kusikitisha.

Televisheni ilirudi kwenye njia iliyozoeleka. The Good Doctor ilianzia Korea Kusini mwaka 2013, na toleo la Marekani likaonyeshwa kuanzia 2017 hadi 2024, likiwa na daktari kijana wa upasuaji mwenye usonji na kumbukumbu ya ajabu. Extraordinary Attorney Woo ya Korea (2022) ilifanya hivyo kwa mwanasheria. Katika kipindi chake cha tatu, hata hivyo, tamthilia hiyo ilimweka wakili huyo mwenye kipaji mbele ya mshtakiwa mwenye usonji asiyeweza kujieleza, na mbele ya wazazi wanaouona umbali kati ya mtoto wao na yeye. Ni mara chache taswira hii kujikosoa yenyewe kwa uwazi kiasi hicho. Anders Nordahl-Hansen na wenzake, katika uchambuzi wa mwaka 2018 wa filamu na tamthilia 26, waliona kwamba takribani nusu ya wahusika wenye usonji walipewa vipaji vya ajabu.

Je, taswira hizi hupotosha tu? Ushahidi unakataa jibu jepesi. Stern na Barnes walichapisha mwaka 2019 jaribio lililolinganisha watu waliotazama kipindi kimoja cha The Good Doctor na waliosikiliza mhadhara kuhusu usonji. Waliotazama tamthilia walitoka na ujuzi sahihi zaidi, mtazamo chanya zaidi na hamu kubwa zaidi ya kujifunza. Wahadhiri wanaweza kulipokea tokeo hilo kwa unyonge wao, lakini halishangazi: hadithi humpa msikilizaji mtu wa kumfikiria. Tatizo ni pale mtu huyo anapokuwa yuleyule kila mara. Na kosa la kutoshauriana bado linaadhibiwa. Filamu ya Music ya mwaka 2021, iliyoongozwa na mwanamuziki Sia, ilionyesha msichana mwenye usonji akikandamizwa chini kwa mwili wa mtu mwingine, namna ya kudhibiti ambayo imewahi kuua. Watu wenye usonji walipinga vikali, na mwongozaji akaomba radhi.

Neno usonji na kiti kisichokaliwa

Historia hii imekwisha kufika Afrika Mashariki, ingawa kwa njia za pembeni. Hadhira ya pwani na miji ya bara imekuwa na uhusiano wa vizazi na sinema ya Kihindi. Kwa hiyo My Name Is Khan (2010), ambamo Shah Rukh Khan anaigiza Mwislamu wa Mumbai mwenye usonji anayesafiri Marekani baada ya Septemba 2001, iliikuta hadhira iliyokwisha kuandaliwa. Usonji katika filamu hiyo ni dirisha la unyofu: Rizwan hawezi kudanganya, na kwa hiyo ulimwengu unaomshuku ndio unaohukumiwa. Ni taswira yenye heshima. Lakini naye hutengeneza kila kilichoharibika. Ukoo wa Raymond ni mkubwa.

Kiswahili kinapokea taswira hizo kikiwa na msamiati wenye historia yake. Mtoto asiyesema au asiyejibu aliitwa kwa muda mrefu zezeta, taahira au punguani, maneno yasiyotofautisha hali moja na nyingine na yanayotumika pia kama matusi. Usonji ni neno jipya zaidi katika matumizi ya umma, na si rahisi kwa msemaji wa kawaida kuona ndani yake sitiari ya upweke iliyomo katika majina ya Ulaya na ya Kiarabu. Hiyo ni bahati. Halimwambii msikilizaji kwamba mtoto amejifungia ngomeni.

Kisarufi neno hili liko katika ngeli ya U-, pamoja na upofu na uziwi. Maneno hayo mawili yalizaa kipofu na kiziwi, katika umbo la KI-/VI- ambalo kwa kiasi kikubwa ni la vitu, na mjadala kuhusu maumbo hayo haujaisha. Baadhi ya waandishi wamehamia asiyeona. Viziwi wa Tanzania, kwa upande wao, wamelibakiza neno lao katika jina la chama chao, CHAVITA, na uamuzi huo unastahili kuheshimiwa kuliko mapendekezo ya wataalamu wa istilahi. Usonji bado haujazaa jina la mtu linalokubalika kwa wote. Husemwa mtu mwenye usonji. Sarufi ingeruhusu msonji na wasonji, na kama umbo hilo litazuka, litakuwa tusi la uwanjani au jina la kujivunia kutegemea ni nani alilitamka kwanza mbele ya watu wengi. Mzozo wa Kiingereza kati ya kumtanguliza mtu na kuitanguliza hali, ambao Jim Sinclair, mwanaharakati mwenye usonji, aliuandikia tangu miaka ya 1990, haujafika katika Kiswahili. Utafika pamoja na mhusika.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 8, unazitaka nchi zihimize vyombo vya habari viwaonyeshe watu wenye ulemavu kwa namna inayolingana na malengo ya mkataba. Kenya, Uganda na Rwanda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania 2009, Burundi 2014 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2015. Wajibu huo umezoeleka kutafsiriwa kuwa matangazo ya tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani. Kwa historia iliyosimuliwa hapa, matangazo ndiyo njia dhaifu zaidi. Fedha hiyohiyo ikitumika kulipia washauri wenye usonji na wazazi wao katika tamthilia za redio na televisheni zinazoandikwa sasa, itafanya kazi kubwa zaidi, kwa sharti kwamba wahusika wawe zaidi ya mmoja. Kipindi cha watoto cha Sesame Street kilipomwingiza kikaragosi Julia mwaka 2017, mwanamke aliyemchezesha alikuwa mama wa mtoto mwenye usonji, na Julia hakupewa kumbukumbu ya ajabu. Alipewa rafiki wanaomngoja ajibu.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo, hata hivyo, haitafanywa na waandishi wa tamthilia. Itafanywa na wasimulizi wa filamu katika mabanda ya video, wanaozungumza juu ya sauti ya filamu ya kigeni na kuigeuza kwa lugha ya watazamaji wao. Msimulizi hana kamusi wala mshauri. Ana sikio na sekunde mbili. Akifika kwenye onyesho la muuguzi katika Rain Man, mzaha wa Kiingereza utamfia mdomoni. Anaweza kusema kaka huyu ni zezeta, na banda litacheka na kuendelea. Au anaweza kumfanya muuguzi asikie ushonaji, na kuuliza jamaa huyu anashona suti au kanzu. Mzaha huo ungeeleweka katika Kiswahili cha leo kama ule wa kwanza ulivyoeleweka mwaka 1988, na Charlie angelazimika kulitamka tena neno lenyewe, taratibu, mbele ya banda zima.